Kompyuta Mbili Zilizongojana Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwenye ghala la mahindi mjini Kitale nikiwa na cheti cha kidato cha nne, shati la kuazima, na ujuzi niliouokota kwa kupanguza kompyuta za saiba moja, duka la kukodisha intaneti, pale Matisi. Meneja wa Kitale alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Kompyuta umesomea wapi?"

"Kwa kuzifungua, mzee."

"Na kuzifunga?"

"Hiyo pia nimeanza."

Akanikabidhi kwa Njoki, msichana wa Kibomet aliyekuwa mwandishi wa pekee wa programu za ghala. "Huyu akiharibu kitu," akamwambia, "wewe ndiye umeharibu."

Njoki ndiye aliyenifundisha kazi. Programu ikianza kufanya kazi ndani ya kompyuta inaitwa mchakato, na kila mchakato unaishi kwenye nyumba yake iliyofungwa. Ule unaosoma mizani haujui kama kuna mwenzake anayechapisha tikiti. Ukitaka michakato iongee, ni lazima uitobolee njia. Ikiwa katika kompyuta moja unaweza kutumia bomba: mmoja unamwaga maneno upande huu, mwingine unayapokea upande ule. Ikiwa mbalimbali unatumia soketi, ambapo mmoja unakaa ukisikiliza na mwingine unapiga hodi. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetarajia nyaya.

Kabla sijazoea chai ya Kitale nikahamishiwa tawi la Bungoma, Njoki akabaki Kitale. Kompyuta za Kitale zilikuwa na mfumo endeshi wa kununua; za Bungoma zilikuwa na ule wa bure, kwa kuwa Meneja wa Bungoma hakuona sababu ya kununua kitu kinachogawiwa. Mifumo hii miwili haikubaliani hata namna ya kumaliza mstari. Mmoja unatia alama mbili, mwingine moja, na mimi na Njoki tulipoteza wiki nzima kwa hilo tu. Lakini lengo letu lilikuwa rahisi: mkulima apime mahindi Bungoma, uzito uende Kitale, namba ya tikiti irudi. Bila namba hiyo, trela haikuruhusiwa kuvuka mizani kuingia ghalani.

Kabla ya kuandika, tuliitisha mkutano wa itifaki, yaani mapatano ya nani atasema nini na lini. Njoki aliuliza swali moja dogo: mchakato gani utamsalimu mwenzake kwanza?

"Sisi ndio makao makuu," akasema Meneja wa Kitale. "Mdogo humsalimu mkubwa."

"Mahindi yako kwangu," akasema Meneja wa Bungoma. "Kitale ndiyo inakuja kwangu kuulizia. Mgeni ndiye hupiga hodi, si ndiyo?"

Waliendelea hivyo mpaka chai ikaisha. Mkutano ukafungwa kwa maombi. Nilipokuwa natoka, Meneja wa Bungoma alinivuta mkono. "Yako ikae isikilize tu. Watatusalimu."

Nikaandika hivyo. Ili kujaribu, nilijitengenezea Kitale ya bandia, programu ndogo iliyosalimu kwa adabu sana, na kila kitu kikaenda sawa. Nikaandika ripoti kwamba mtambo uko tayari.

Siku ya kufungua msimu, trela zilijipanga kutoka mizani hadi barabarani. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Asiyekuwa mtu wa kwetu anafaa kuelezwa. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawakai karibu, na hawaongei ana kwa ana ikiwa kuna namna nyingine. Yeye alisimama nyuma ya trela akitazama shambani. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo ya ofisi. Kati yetu alikuwa Barasa, soja wa lango.

Mahindi ya mama yalikuwa yameanikwa siku tisa. Hakuwa na turubai. Na kutoka upande wa Mlima Elgon kulikuwa na wingu jeusi lililokuwa likija moja kwa moja. Mahindi yakinyeshewa hapo, mashine ya kupima unyevu ingeyakataa na angeyarudisha nyumbani yakaoze. Kwenye kompyuta yangu palikuwa na neno moja tu: Inangoja.

"Barasa," akasema mama mkwe, "mwambie huyo mtu wa kompyuta mvua inakuja."

"Mama anasema mvua inakuja," Barasa akaniambia, ingawa nilikuwa hatua kumi tu.

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Mwambie kusikia hakufuniki mahindi."

Nikaingia ofisini, nikampigia Njoki simu. "Yako inafanya nini?"

"Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Salamu yako."

"Yangu pia inangoja yako."

"Bosi wangu aliniambia nisikilize tu," akasema Njoki polepole.

"Na wangu."

Hii katika kazi yetu inaitwa mkwamo: michakato miwili, kila mmoja ukimngoja mwenzake, na hakuna ulioharibika. Yote miwili ilikuwa na adabu kamili. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Nilikuwa nimeanza kuuandika nilipohisi pumzi shingoni.

"Unafanya nini hapo?" akauliza Meneja wa Bungoma.

"Nataka tuwasalimu Kitale, mzee."

"Toa hiyo kitu. Wao waanze."

Akampigia mwenzake wa Kitale, na nikaisikia sauti ya yule bwana kwenye simu ikisema polepole kwamba makao makuu hayabishi hodi kwa tawi. Madereva wa trela walianza kupiga honi. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo mikono yangu ilikaa mapajani.

Ndipo mama mkwe akatoka nyuma ya trela. Akampita Barasa. Akaja mpaka kwenye dirisha la ofisi, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku nilipomwoa binti yake.

"Habari ya mchana, baba."

Barasa alivua kofia. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. "Nzuri, mama," nikawaambia viatu vyangu.

Akamgeukia Meneja. "Nimemsalimu mimi. Na huyu ni mkwe wangu. Sasa wewe, Kitale ni nani yako hata usiweze kuisalimu? Umeoa huko?"

Foleni yote ilicheka, hata waliokuwa mbali wasiosikia. Meneja alitazama wingu, akatazama dari.

"Andika bana," akasema.

Nikaandika. Bungoma ikabisha hodi, Kitale ikaitikia, namba ikarudi. Trela iliingia chini ya paa matone ya kwanza yakigonga mabati. Mama mkwe alikuwa tayari amerudi upande wa pili wa trela.

"Barasa," akasema, "mwambie asante."

Kwa kosa la salamu ya pale dirishani wazee wa ukoo walinitoza mbuzi, ingawa si mimi niliyeanza. Meneja wa Kitale alituandikia barua ya kusifu nidhamu ya tawi letu. Meneja wa Bungoma hakuiweka ukutani.

Baadaye nilihudumu Moi's Bridge, nikarudi Kitale, nikahama tena, kwani miguu yangu haijawahi kupenda kiti kimoja. Nimestaafu mapema, nikiwa na miaka arobaini na sita. Kwenu nyinyi mnaoanza nina neno moja: kabla hujatoboa njia kati ya michakato miwili, amua nani ataanza kusema, na usiwaulize mameneja. Na usijaribu kazi yako kwa mwenzako wa bandia. Wa bandia hana kiburi.

Mama mkwe hajaniongelesha tena uso kwa uso. Mwezi uliopita mke wangu, Nafula, alirudi kutoka kwao na ujumbe: mama anauliza kama siku hizi Bungoma bado inaisalimu Kitale kwanza. Nikamwambia amjibu kwamba sijui, nimestaafu.

Jumapili jibu likaja kupitia kwa Nafula.

"Anasema, kwa hivyo umekaa tu?"

Nikatafuta viatu niende ghalani Bungoma nikaangalie.