Dorah Wegesa wa Itiryo na Kiapo Alichokianza Upya

Alizaliwa Nyansurura, wilaya ya Serengeti, mwaka 1958, mtoto wa tatu wa mzee Nchagwa na mama Waisiko, wafugaji ambao wakati huo hawakuwa Wakristo. Nyumbani aliitwa Wegesa. Alipofika miaka minne kigugumizi kilimshika, na ndugu zake wakaanza kumtibu kana kwamba ni ndama mgonjwa. Shangazi alimnywesha maji kwenye kengele ya ng'ombe. Baba mdogo alimzaba kofi kila alipokwama. Akikutana na wazee njiani, shikamoo yake ilichelewa kutoka, nao wakaenda kushtaki kwa baba yake kwamba binti hana adabu, akachapwa. Naandika haya kwa hasira, wala sitaomba radhi. Mtoto alichapwa kwa sababu watu wazima walishindwa kusimama kidogo wakamsikiliza.

Alipokua alijifunza ujanja ambao wenye kigugumizi wengi wanaufahamu: kulikwepa neno gumu na kuweka jepesi mahali pake. Alitumwa sukari akarudi na majani ya chai, kwa kuwa ndilo neno lililokubali kutoka. Mwaka 1976 aliingia mafundisho ya ubatizo, akajichagulia jina la Beatrice na kulipenda sana. Siku yenyewe ilipofika padre alimuuliza jina, naye akakwama kwenye herufi ya kwanza. Mstari nyuma yake ulikuwa mrefu. Felistas, msimamizi wake, alimfinya mkono. Mtu fulani akacheka. Basi akasema Dorah, jina la jirani yao, kwa sababu lilipita mdomoni bila shida, na maji yakamwagwa. Jina hilo alilibeba mpaka kaburini. Jioni hiyo alimwambia mama yake kwamba hatabadilisha neno tena, hata likimchukua kutwa nzima. Huo ndio ulikuwa wito wake, na sijui mwingine aliowahi kuupata.

Mwaka 1979 aliolewa na Heche, mfugaji wa Itiryo, wilaya ya Tarime, wakamzaa Eunice. Wanakijiji walimjua kwa ukaidi. Siku moja dukani kwa Okal alikwama akiomba sabuni ya mche. Okal, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka kama sisi sote, alimkatiza na kumwekea sukari mezani. Dorah hakuigusa. Aliendelea kusimama akilitafuta neno lake huku foleni ikinung'unika.

"Mama Eunice, si uchukue tu hiyo, watu wanangoja," Okal alimwambia.

"Na m-m-mimi nangoja," akajibu, na alirudi nyumbani na sabuni.

Kanisani hakutendewa vyema zaidi, tena hapo ndipo ninapochukia hasa. Vincent, mwenyekiti wa kigango wakati huo, alimkataza kusoma masomo na kufundisha watoto, akampangia kufagia. Alisema Neno la Mungu lisicheleweshwe. Sijui Biblia yake ilikuwa ipi, maana iliyo mkononi mwangu inasema Musa alikuwa na ulimi mzito na Mungu akamtuma hivyohivyo. Dorah alifagia miaka mingi bila kununa, na kila Jumapili alikwenda kwa Vincent kuomba tena asome.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2009. Ng'ombe waliibwa jioni moja, na lawama ikamwangukia kijana mmoja yatima, Sadock. Wenye ng'ombe walikuja kwenye ritongo, mkutano wa wazee wa mila, wakiwa na mapanga na mishale, na kila mtu alijua kwamba Sadock akionekana mwizi hatafika nyumbani. Jioni ile ya wizi Sadock alikuwa akimpeleka Heche, mgonjwa mahututi, zahanati kwa baiskeli, Dorah akimshikilia mumewe kutoka nyuma. Heche alikufa siku ya pili. Shahidi akabaki Dorah peke yake. Na desturi ya kiapo ilikuwa moja: shahidi asimame, aseme moja kwa moja, na anayekwama amekataliwa na kiapo, ni mwongo.

Vincent alimshauri amwachie shemeji yake aape kwa niaba yake. Dorah alikataa, kwa kuwa shemeji hakuona chochote. Akasimama, akaanza, akakwama kwenye jina la Sadock. Watu wakapiga kelele kwamba kiapo kimemkataa. Mmoja akalimalizia jina kwa ajili yake. Dorah akasema, "Naa-naanza upya." Akaanza tangu mwanzo. Mwingine akamsaidia neno la zahanati. Akaanza tena tangu mwanzo. Kila aliyemtilia neno mdomoni alimrudisha pale alipoanzia, mpaka jua likawa kali na watu wakaelewa kwamba mwanamke huyu hatamaliza isipokuwa wao wafunge midomo. Wakafunga. Katika kimya hicho alisema yote, jina la Sadock likiwa la mwisho kutoka.

Mzee Nyangwine, mwenye neno la mwisho pale, alisimama. Kisha akasema, "Nimemsikia akianza mara nyingi. Hajabadilisha neno hata moja. Mwongo angebadilisha. Kijana aende kwake."

Sadock yu hai, ana watoto, analima.

Dorah alifariki Itiryo mwaka 2021 kwa ugonjwa wa moyo. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali naye Baba Yetu. Walimaliza, wakasema amina, wakaanza kufunga khanga zao, naye alikuwa bado kwenye mkate wa kila siku. Eunice aliwaomba waketi. Waliketi mpaka alipofika mwisho kwa mdomo wake mwenyewe, na mchana huo akatutoka. Leo akina mama haohao wanasimulia kwamba saa ya kufa ulimi wake ulifunguka akasali bila kukwama, na wanataka muujiza huo niuandike humu. Siuandiki. Ni uongo, tena unamtukana. Mungu hakuona haja ya kuurekebisha ulimi ule. Muujiza ninaoujua ni ule wa ritongo, wanaume wenye mishale waliponyamaza, na sisi wa kigango hatujafikia hata hapo.

Ushahidi ninao. Mwaka jana, kwenye ibada ya kumkumbuka, somo la kwanza alipangiwa kulisoma Tabitha, mke wa fundi cherehani, ambaye naye ana kigugumizi. Wazee wa kanisa walimnyang'anya kitabu pale pale mlangoni, eti ibada itachelewa, wakampa mwingine, kisha wakaenda kuweka maua juu ya kaburi la Dorah. Anayetaka kumwiga Dorah asilete maua. Mimi ndiye katekista wa hapa na ratiba ya wasomaji naipanga mimi. Mwaka huu Tabitha atasoma, masomo yote mawili. Ibada itachelewa. Mwenye haraka abaki kwake.