Viatu vya Rumba Katika Sanduku la Macharia

Kuna wazee kule Gatitu ambao mpaka leo hawanipi mkono, na si kwa sababu ya deni (deni sina, ulizeni sokoni), ni kwa sababu ya asubuhi moja ya Julai ambapo nilimshika marehemu miguu mbele ya waombolezaji wote, na marehemu akajibu. Nimelinyamazia jambo hili miaka mingi. Lakini mmeniuliza ni nani aliyenifundisha kucheza, na hilo siwezi kulieleza bila kupita katikati ya aibu yenyewe, kwa hivyo kaeni, na asiyependa mambo ya makaburi aende akaangalie chai isimwagike.

Vijana wa siku hizi wanaita salsa. Sisi, miaka ile michache baada ya Uhuru, tulisema rumba na chacha, lakini kiuno ni kile kile. Mimi nilikuwa muuza viazi mjini Nyeri, mtu wa kuhesabu magunia mara mbili na chenji mara mbili, na mwalimu wangu wa dansi alikuwa fundi wa masanduku ya kuzikia. Mzee Gathogo alikuwa amefanya kazi ya weita katika hoteli moja ya walowezi, akipita kati ya watu wanaocheza na trei ya glasi kwenye kiganja, na humo katikati alijifunza, bila mtu kumfundisha, kwamba kiuno kinaweza kwenda popote kinapotaka mradi mabega yasimwage kitu. Walowezi walipouza mashamba na kuondoka, yeye akarudia useremala wa baba yake. Karakana yake ilikuwa na sakafu nzuri ya mbao, na ilikuwa bure (ukumbi wa mji ulikuwa wa kulipia hata kupumua), basi nikajifunzia rumba katikati ya masanduku.

Kioo hatukuwa nacho. Mzee alikuwa akisimamisha ukutani vifuniko vilivyokwisha kupakwa vanishi, vikang'aa mpaka unajiona.

"Angalia huyo," alikuwa akiniambia, akielekeza kwa penseli. "Huyo wa ndani ya mbao. Mabega yake ikitingika, ujue yako pia imetingika."

Nikamwangalia. Alikuwa mweusi, mrefu kuliko mimi, hana uso, na siku ambazo ukungu uliingia mlangoni kabla ya jioni ningeapa kwamba nikisimama, yeye anachelewa kidogo kusimama. Siku moja nikamwambia Mzee.

"Basi huyo anasikiliza muziki," akasema bila kuinua macho kwenye randa yake. "Ni wewe unakimbia."

Mwalimu wa pili alikuwa mwalimu kweli, Atieno, aliyetoka upande wa Kisumu akaletwa kufundisha shule ya msingi mjini kwetu. Yeye ndiye niliyecheza naye. Kosa langu lilikuwa kuhesabu hatua kwa sauti, na jioni ya kwanza aliniacha katikati ya sakafu, mikono kiunoni, akasema, "Wewe bwana, unacheza na mimi ama unanipimia viazi?" Tangu hapo nikawa nahesabu kimoyomoyo, na nikisogeza midomo ananikanyaga.

Sasa, kulikuwa na mashindano Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa mji, na Atieno alikuwa amepata uhamisho, kwa hivyo ilikuwa ni hiyo au basi. Viatu vya kuchezea sikuwa navyo. Mzee Gathogo akanitolea vyake kutoka kwenye kitambaa cha flaneli: vyeusi kwa vyeupe, soli ya ngozi, alivyoachiwa na mpiga tarumbeta wa hoteli siku bendi ilipovunjika. Katika miaka yote ile ya trei, hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Akanishikisha kimoja kimoja.

"Hii nakukopesha mara moja," akasema. "Ikipotea, usinitafutie maneno. Usirudi tu."

Ijumaa jioni tulijaribu vile viatu, mvua ikanyesha, paa likavuja, vikapata maji. Nje ni matope matupu. Dukani kwa jirani mfuko wa karatasi wa kuvibebea ulikuwa senti kumi. Nikasema tano. Akasema kumi. Nikasema basi sihitaji mfuko, nikarudi karakanani (Mzee alikuwa ameenda kutafuta misumari), na hapo juu ya vigoda nikaona sanduku limejazwa maranda ya mbao, halina kitambaa, halina kifuniko, kwa macho yangu ni kazi ya wiki ijayo. Maranda hunyonya maji vizuri kuliko gazeti. Nikavizika viatu ndani kabisa, upande wa miguu, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi kwa kuokoa senti kumi.

Asubuhi nilipofika, vigoda vilikuwa vitupu.

Mke wa Mzee alikuwa anafagia. "Sanduku gani? Ile ya Macharia? Imeenda. Walikuja usiku kuomba ya haraka, mimi mwenyewe nikapiga kitambaa na misumari. Na maranda ilikuwa imeshindiliwa vizuri huko kwa miguu, sijui nani alishindilia."

"Wanazika lini?"

"Leo. Saa nne, kule juu Gatitu, kwa mama yake. Mzee amefuata na skrubu za kufunga."

Sikungoja. Nilipanda kile kilima na gambuti zangu za mpira, na ukungu wa siku hiyo haukuwa ukungu wa kawaida, ulikuwa umekaa chini, mzito, miti ya kahawa pande zote mbili inadondosha maji kama watu wanaonong'ona. Nilisikia wimbo wa kanisa kabla ya kuona mtu. Nikafuata sauti, na sauti ikawa mbele, halafu kushoto, halafu nyuma yangu, na nilipogeuka nikajikuta nimesimama katikati ya waombolezaji, wote wananitazama kana kwamba nimetoka ardhini.

"Wewe umetoka upande gani?" akaniuliza mzee mmoja wa kanisa mwenye koti refu.

Njiani nilikuwa nimesikia wanawake wakisema marehemu alikuwa karani wa stesheni ya Sagana. Mdomo ukanitangulia. "Natoka Sagana."

"Bwana asifiwe! Ati tulikuwa tumesema watu wa Sagana wameshindwa na ukungu. Na wengine?"

"Wako nyuma."

"Wangapi?"

"Wawili," nikasema, nikahesabu tena, "ama watatu."

Uongo ukishaanza kuhesabiwa ndio umekwisha kuwa mali ya watu. Nilipelekwa mbele, nikakalishwa karibu na mama wa marehemu, kikongwe aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni, nikapewa uji, na kabla sijaumaliza nikasikia kwamba sasa ndugu yetu wa kutoka Sagana atasema neno. Sanduku lilikuwa wazi mbele yangu juu ya viti viwili. Macharia alikuwa ndani, suti ya kijivu, soksi nyeusi, hana viatu. Viatu vilikuwa chini ya soksi zile, chini ya kitambaa cheupe, chini ya maranda. Na kichwani mwa sanduku, bisibisi mkononi, alisimama Mzee Gathogo, akinitazama kama anayetazama msumari uliopinda.

Nikasema Macharia alikuwa mtu wa saa. Nikasema hakuna gari la moshi lililowahi kuchelewa kwa sababu yake. Wanawake wakalia. Yule kikongwe akawa anatikisa kichwa taratibu, ndiyo, ndiyo, na hiyo ndiyo ilinichoma, lakini niliona mzee wa kanisa anampa Mzee Gathogo ishara ya kufunga, nikaona soli za ngozi zikishuka kaburini, nikajisikia nikisema:

"Sisi watu wa stesheni tuko na desturi. Mwenzetu akisafiri, tunamshika miguu."

Ninyi hamjui, lakini kwetu siku hizo maiti haikuguswa ovyo, kulikuwa na wazee pale ambao tangu wazaliwe hawajawahi kugusa hata kidole cha aliyekufa, na wangemgusa wangetaka kutakaswa. Watu wakarudi nyuma hatua. Hakuna aliyenizuia. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitambaa pale misumari ilipolegea, nikapapasa kwenye maranda (yalikuwa na baridi, baridi ya kitu ambacho kimelala nje), nikashika kiatu. Nikavuta.

Miguu ya Macharia ikainuka ikashuka. Visigino vikapiga ubao: ko.

Mtu akasema, "Yesu."

Nikavuta tena, kwa nguvu. Ko. Kiatu kikatoka nusu chini ya kitambaa, cheupe kwa cheusi, na hapo watu wakatawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Mzee wa kanisa alipita juu ya viti, wanakwaya wakaingia kwenye miti ya kahawa na vitabu vyao, nikasikia matawi yakivunjika mbali, mbali zaidi, halafu ukungu ukafunga nyuma yao na hakukuwa na sauti yoyote. Mikono yangu nilikuwa nimeitoa. Ilikuwa hapa, magotini, naiona yote miwili.

Ko.

Mimi nilivuta mara mbili. Mlio ulikuwa mara tatu. Nimehesabu tena mara nyingi tangu siku hiyo, na bado ni tatu.

Tulibaki watatu waliokuwa hai: mimi, Mzee Gathogo, na yule mama ambaye hakuwa ameondoka kwenye kigoda chake. Alikuwa ameinama mbele, blanketi limemwanguka mabegani.

"Fanya tena," akaniambia.

"Cucu," nikasema, kama ninavyomwita nyanya yangu, "hiyo ya mwisho si mimi."

"Najua si wewe. Fanya tena."

Sikufanya. Singefanya hata ningepewa shamba. Akangoja, akaona sitafanya, kisha akakiona kiatu. Akanyoosha mkono akakigusa soli kwa kidole kimoja.

"Mlimletea viatu," akasema. "Watu wa Sagana. Hospitali walinirudishia nguo zake, lakini viatu vilikuwa vimepotea. Usiku wote nimekaa nikisema, mtoto wangu anaenda na soksi kwa baridi hii."

Mimi ni mtu wa biashara. Najua bei ya kitu ikishatajwa na mwenye haki ya kutaja, hakuna kubishana. Nilimwangalia Mzee Gathogo, nikatafuta maneno, na nikakumbuka aliniambia nisitafute. Yeye alikiangalia kiatu chake kwa muda ambao sikuuhesabu. Halafu akaweka bisibisi chini, akazunguka upande wa miguu, akaingiza mkono kwenye maranda akatoa cha pili, akakifuta kwa mkono wa koti.

"Shika kisigino yake," akaniambia polepole. "Usimvute. Mshike kama trei."

Nikashika. Mzee akamvalisha, cha kulia, cha kushoto, akafunga kamba mafundo mawili mawili kama ya mtu anayekwenda kucheza, akachukua kifuniko, akaanza kukaza skrubu. Waliokimbia wakarudi mmoja mmoja, wakisimama mbali, na tulizika haraka sana.

Nilifika ukumbini saa nane kasoro, gambuti zimejaa udongo mwekundu, na habari zilikuwa zimenipita njiani. Mlango ulipofunguka, kinanda kilikuwa kinalia, washindani wenzangu wanapasha miguu moto, na mwanamke mmoja akapiga kelele, "Ni yeye! Ndiye amecheza na maiti!" Watu wakatoka sakafuni. Walijibandika kwenye kuta zote nne, na katikati pakabaki mahali patupu, na Atieno peke yake.

"Viatu viko wapi?" akaniuliza.

"Vimesafiri."

Alinitazama usoni, kisha akatazama gambuti. Akavua viatu vyake. Nikavua gambuti. Nilipomshika mkono akashtuka.

"Mikono yako! Mbona baridi hivyo? Umetoka wapi?"

"Cheza kwanza," nikasema.

Tukacheza pekupeku, ukumbi mzima unatutazama na hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyekohoa, na kila kisigino changu kilipogonga mbao nilikisikia kingine, mahali fulani chini, kinanifuata. Sijawahi kucheza vizuri vile, wala kabla wala baada. Waamuzi watatu walinong'onezana, kisha mkubwa wao akasimama (mbali) akatangaza kwamba bila viatu si dansi, ni ngoma, na jina letu likafutwa. Atieno alicheka mpaka nje. Nilipomweleza vilikokwenda viatu aliacha kucheka, akaninawisha mikono yeye mwenyewe kwa maji ya moto ya muuza chai, na Jumatatu akaondoka na basi.

Kwa Mzee Gathogo sikurudi, kama alivyosema. Nilikaa wiki mbili. Yeye ndiye aliyekuja sokoni, akasimama mbele ya viazi vyangu, akatoa futi yake ya kukunja mfukoni.

"Weka mguu juu ya gunia."

Nikaweka. Nikafurahi kama mtoto, nikajua nimesamehewa, Mzee ananitengenezea viatu. Akapima wayo. Halafu akaikunjua futi ikapanda goti, ikapanda kiuno, ikapanda mabega, mpaka utosini, na akaandika kwa penseli kwenye kiganja chake.

"Mzee," nikasema, "viatu inataka urefu yote hiyo?"

"Viatu hapana," akasema, akaikunja futi. "Viatu umeshanimalizia. Lakini wewe ni mtu wa haraka, na mimi sipendi kazi ya usiku. Jioni uje ucheze."

Nikaenda, na nilienda miaka kumi na miwili mpaka alipokufa, na siku hiyo nilimshika miguu bila kuambiwa. Ila mpaka leo, mwenye duka akiniambia mfuko ni senti kumi, au hata shilingi kumi, mimi nalipa na simsemeshi.