Afya

Mwongoza watalii wetu katika mji ule wa kigeni alitembea nyuma yetu, akituelekeza kwa ncha ya mwavuli na Kiingereza cha taratibu. Kila tuliposimama, macho yake yalirudi kwenye mkoba wa mama, wenye pasipoti zetu zote.

"Jicho la mwewe hilo," shangazi alisema kwa Kiswahili mbele yake, akitabasamu kama anayesifia jengo. "Wifi, kumbatia mkoba."

Mwongozaji akapangusa miwani, uso mkavu. Tukipanda ngazi za mnara, shangazi akapiga chafya.

"Afya," ikatoka sauti nyuma yetu.

"Ahsante, mwanangu," shangazi akajibu kwa mazoea, kisha akaganda. Mwongozaji alikuwa anapangusa miwani tena. Mama akaukaza mkoba kifuani, nasi tukaanza kukumbuka yote tuliyoyasema tangu asubuhi.