Gari Halinunuliwi Njiani

Majuzi nilipita Malaba, mpakani na Uganda, nikaona magari ya kuuza yamepangwa kando ya barabara, yameoshwa yakang'aa, kila moja na nambari ya simu kwenye kioo. Nikasimama kulitazama moja la viti saba. Kijana mmoja akanijia mbio.

"Madam, hii gari haina shida. Tuma deposit na simu tu, kesho unaletewa mpaka kwa mlango."

Nikamuuliza nyumbani kwa mwenye gari ni wapi.

"Sasa nyumbani kwake unaenda kufanya nini?"

Nilicheka peke yangu nikaondoka, na njia nzima hadi Funyula, rafiki yangu msomaji, nilikuwa nimerudi miaka ya tisini.

Tuliishi Namboboto, karibu na Funyula, katika boma la nyanya, mama mzazi wa baba. Baba aliuza nyavu za wavuvi mjini Busia. Utoto wangu unanukia omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani, na una ladha ya ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi unaokaa tumboni hadi kesho. Mimi nilikuwa kifungua mimba, kwa hiyo kuchota maji, kufukuza kuku kwenye mtama na kubeba wadogo zangu mgongoni zilikuwa kazi zangu, nipende nisipende. Na zaidi ya kazi, nilifundishwa kushuku. Mpakani kila kitu kilishukiwa: sukari, petroli, vitenge, hata noti iliyokunjwa vibaya. Mtu akitokea na redio nzuri, swali la kwanza lilikuwa kama imetoka ng'ambo ya mpaka. Nyanya ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Akinunua samaki alimfunua mashavu, akamnusa, kisha akamtazama muuzaji machoni kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama samaki.

Gari lilitafutwa kwa sababu ya mtoto ambaye hatukuwa tukimtaja. Mwaka uliotangulia mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Baba alihangaika Funyula nzima asipate gari, na mwishowe mama akapelekwa hospitali ya Nangina kwa boda boda. Siku zile boda boda ilikuwa baiskeli, yenye mto wa sponji nyuma. Mama alifika. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Basi mama alipopata mimba nyingine, baba aliuza mafahali wake wawili na miti yote ya mikaratusi, akaapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayepelekwa tena kujifungua juu ya baiskeli.

Jirani yetu, wakala wa forodha pale Malaba, mtu wa mashati meupe na maneno mengi, ndiye aliyemleta muuzaji. Walikuja na gari lenyewe siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Lilikuwa la kijani, refu la kimo, tairi la akiba limefungwa mgongoni kama mtoto kwenye mbeleko. Tuliingia wote bila kuambiwa. Mimi nilichagua kiti cha nyuma kabisa, nikawatangazia wadogo zangu kwamba ni changu hadi nitakapoolewa. Mama aliketi mbele, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Sikuwa nimemwona akipumzika namna ile tangu msiba. Moyoni nikasema, Mungu wangu, lisitoke hapa.

"Hii gari ni ya kwetu nyumbani, mzee," muuzaji alimwambia baba. "Haijavuka border hata siku moja. Uliza mtu yeyote."

Na baba aliuliza. Alileta fundi, akalala chini ya gari hadi shati likageuka rangi. Alimpata askari anayefahamiana naye, nambari za injini zikasomwa. Jirani akaulizia kwa madereva wa malori. Ikabainika kwamba gari halikuibwa Kampala wala Nairobi, na jina kwenye kitabu chake cha usajili lilikuwa la ukoo wa muuzaji. Baba akaridhika kabisa. Sisi watu wa mpakani tulikuwa na ugonjwa huo: tulijua kushuku mpaka tu. Kitu kisipovuka, tulikiona kisafi.

Nyanya hakuridhika.

"Mbona bei yake ni ya mtu anayekimbia?" aliuliza. "Mimi sijaona zizi. Ng'ombe hanunuliwi njiani."

Hiyo ilikuwa desturi yake na ya mama yake kabla yake. Ukitaka ng'ombe, unaenda hadi boma alikozaliwa. Unaketi. Bwana wa boma atasema bei, lakini wewe unamtazama mke wake. Akitoka na uji, akamtaja ng'ombe kwa jina na kukuambia tabia zake, nunua. Asipotoka jikoni, rudi na pesa zako, kwa maana huyo ng'ombe ana machozi ya mtu.

"Lakini mama, hii ni gari," baba alisema.

"Ng'ombe ana miguu minne. Hilo lina ngapi?"

Baba alikubali ili amalize maneno. Siku iliyofuata tukaenda, baba, mama, nyanya na mimi, na jirani akatuelekeza huku akiguna. Boma lenyewe halikuwa mbali na Malaba. Foleni ya malori ilionekana kutoka uani, na matanboi, wasaidizi wa madereva, wakipikia chai chini ya trela zao. Muuzaji alitupokea kwa bashasha iliyozidi kiasi. Soda zikaja, na siku zile soda ilikuwa heshima kubwa. Mimi nilimaliza yangu upesi kabla mtu hajabadili nia. Ya nyanya ilibaki haijafunguliwa.

"Mama wa boma yuko wapi?" aliuliza.

"Ako jikoni, ana kazi. Haya ni mambo ya wanaume, mama."

Nyanya akainuka, akanishika mkono, akasema mtoto anataka kwenda msalani. Mtoto hakutaka lolote. Tukapita moja kwa moja hadi jikoni. Mwanamke kijana alikuwa ameketi chini, kichwa kimenyolewa, ananyonyesha. Watoto wengine wawili walikuwa wakila mahindi ya kuchemsha. Walinitazama nami nikawatazama, na wote tulikuwa wa umri wa kugombania dirisha la gari.

"Mwanangu, hiyo gari ni ya nani?" nyanya alinong'ona.

"Ilikuwa ya bwana yangu. Tumemzika juzi tu, hata nywele haijamea."

"Na huyo pale nje?"

"Ni ndugu ya bwana yangu."

"Umekubali auze?"

"Nani ameniuliza? Wamesema ni ya ukoo. Mama, wewe ndio mtu wa kwanza kuniuliza."

Nyanya alimgusa kile kichwa kilichonyolewa. Alitoka, akamwambia baba kwa lugha yetu, "Twende." Baba alisita, kisha akatufuata.

Ugomvi ulikuwa barabarani, katikati ya honi na vumbi. Nyanya alieleza aliyoyasikia. Baba alisikiliza, akatazama chini, kisha akanena.

"Tukiacha sisi, atanunua mwingine. Huyo mama hatapata kitu. Na huyu hapa atajifungulia wapi? Barabarani tena?"

Alikuwa na haki. Ni mama aliyejibu, mkono tumboni.

"Nitapanda baiskeli."

Hakupanda. Baba alimpeleka kwa shangazi anayeishi karibu na hospitali ya Nangina wiki nyingi kabla, na ndugu yangu akazaliwa analia kwa sauti ya kukera, sauti aliyo nayo hadi leo. Fedha ya mafahali ikanunua mafahali. Mikaratusi ndiyo haikurudi. Kuhusu gari, baba alisema kweli: kabla ya mwezi kuisha tuliliona Busia sokoni, limejaa watoto wa watu wengine, na jirani akatucheka mpaka akachoka.

Siku hizi hakuna anayemtaka mwenye mali atoke jikoni. Unaona picha, unatuma fedha, kitu kinakufikia kikiwa hakina kwao. Watu huniambia nyanya yangu aliona mbali, nami nilikuwa nikijivunia hivyo hivyo, hadi nilipomwambia mwenyewe uzeeni kwamba siku ile alishinda. Alikuwa akipepeta mtama. Aliweka ungo chini.

"Nilishinda nini? Nilirudi nyumbani na pesa zetu. Yule msichana nilimwacha palepale jikoni."