Aliyesimama na Aliyelala

Kanisani kwangu huwa tunaambiwa samehe na usahau. Kusahau kumenishinda, na kusamehe sijajaribu kwa bidii. Mhariri wangu wa miaka ile ya sabini alishakufa, mazishi yake nilikwenda, chakula nikala, lakini hata leo akitajwa mbele yangu natafuta sababu ya kwenda jikoni.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kisumu, na pembeni nikiliandikia gazeti moja la Nairobi. Kazi yangu ilikuwa bei ya samaki, mafuriko ya Nyando, harambee za makanisa, na kwaya gani imeishinda kwaya gani. Wanaume wa sokoni waliniuliza kama mume wangu anajua ninakozurura na kalamu yangu. Mume wangu alijua vizuri sana. Ndiye aliyeninunulia taipureta.

Ilikuwa likizo ya shule habari ya Katito, soko lisilo mbali na Kisumu, iliponifikia. Kulikuwa na tajiri mmoja mwenye mashamba kando ya ziwa, na viboko walikuwa wakitoka majini usiku kumaliza mahindi yake. Akaajiri mtu wa kuwafukuza, akampa bunduki. Siku moja ya soko yule mtu aliibeba bunduki mpaka Katito, akasimama karibu na mahali pa nafaka, akaanza kupiga watu risasi. Kwa nini, sijui mpaka leo, na waliojidai kujua walikuwa wakitunga. Wauza ng'ombe walimrukia kutoka nyuma wakamfunga kwa kamba za ng'ombe wao, lakini watu wanne walikuwa wameshakufa. Jina lake silitaji hapa. Wengine walilitaja vya kutosha.

Nilifika na mpiga picha, kijana mwenye studio pale Kisumu ambaye gazeti lilikuwa likimkodisha. Maiti hawakuwa wameondolewa. Mmoja wao nilimjua kabla sijamfikia, kwa sababu ndiye aliyenishonea gauni la Pasaka: fundi wa nguo aliyekuwa akiweka cherehani yake kwenye veranda ya duka. Alikuwa amelala kifudifudi kando ya cherehani, amevaa shati la kitenge chenye michoro ya miavuli mikubwa. Nilimwona mpiga picha akiinama na kamera yake. Sikumzuia. Ndiyo kazi tuliyotumwa, na mahakama ingeweza kuzihitaji picha zile.

Mke wa fundi alikuwa ameketi chini akimshika mguu. Hakuwa akilia. Aliniona, akaniambia neno moja tu: mama mkwe wake, aliye nyumbani Bondo, asijue bado.

Asiyekuwa wa kwetu huenda akadhani ni woga. Kwetu habari ya kifo haitupwi njiani. Mtu haambiwi akiwa sokoni, wala kisimani, wala akiwa amesimama. Jamaa wenye heshima humfuata nyumbani, humketisha, na kwanza husema mgonjwa amezidiwa. Wanawake humzunguka kabla neno lenyewe halijatoka, ili akianguka aangukie mikononi mwa watu. Na mama huyu alikuwa amezika watoto mpaka wakabaki wawili: kaka mkubwa aliyefanya kazi ya reli Nakuru, na huyu fundi, kitinda mimba wake. Kaka angefika kwa treni kesho yake asubuhi. Yeye ndiye aliyepaswa kuipeleka habari Bondo. Siku moja tu, ndicho tulichoombwa.

"Nipe jina lake kamili na maisha yake," nilimwambia yule mjane, "na nitahakikisha hakitoki kitu mpaka mama ameambiwa."

Akanieleza yote. Jinsi alivyojifunza kushona kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya. Jinsi kitenge kile cha miavuli alivyokinunua kipande kizima, akamshonea mama yake gauni, na kilichobaki akajishonea shati, na jinsi walivyotaniwa siku ya Krismasi kwamba wamevaa sare ya shule. Kila nikikumbuka alivyoniamini, naona haya ambayo haikupaswa kuwa yangu.

Nilipiga simu Nairobi kutoka dukani. Opereta alituunganisha baada ya kutukatiza mara kadhaa, na mhariri akaja mwenyewe. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto hesabu.

"Mama, unanijua," alisema. "Huyo fundi hatatoka mpaka uniambie wewe."

"Si jina tu, Bwana. Na picha. Amepigwa picha pale alipoangukia."

"Nimesikia. Jina na picha. Neno langu hilo."

Mpiga picha hakuridhika. Aliniambia filamu ikishafika Nairobi imefika yote, huwezi kuipeleka nusu. Nikamwambia mzee ametoa neno lake mbele ya masikio yangu. Miaka mingi nilikuwa nimemfanyia kazi mtu yule. Alikuwa ameningojea nilipojifungua, akaniwekea ukurasa wangu. Basi filamu ikaenda na ndege ya jioni.

Asubuhi nikaenda stesheni ya Kisumu pamoja na mjane kumpokea kaka wa fundi. Treni ilikuwa imechelewa. Nikasogea kituo cha mabasi kutazama gazeti, nikiwa na moyo mtulivu kabisa, nakuapia. Mchuuzi alinitolea nakala akisema leo linakwenda kama mandazi.

Sehemu kubwa ya ukurasa wa kwanza alikuwa muuaji. Walimpata wapi picha ile sijui. Nadhani tajiri aliwapa. Amesimama wima, bunduki mkononi, mguu mmoja juu ya kiboko aliyekufa, anatabasamu. Jina lake lilikuwa kwa herufi kubwa kuliko jina la gazeti. Chini yake maneno mengi kuhusu shabaha yake, viboko alioua, jinsi alivyokuwa hakosei. Na pembeni, picha ndogo kidogo: fundi wangu, amelala kifudifudi, miavuli imejaa mgongoni.

Jina lake halikuwamo. Wala jina la marehemu mwingine yeyote. Habari zao zote nilizosoma kwa simu mpaka sauti ikakauka zilikuwa zimefanywa sentensi moja.

Mhariri alikuwa amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mtu mzima mwenye mvi, na mimi nikajipangusa nikamshukuru. Nikamuuliza mchuuzi basi la Bondo limeondoka saa ngapi. Akasema limeondoka zamani, na magazeti yamo.

Kaka mtu aliposhuka kwenye treni sikumficha. Tulikodi gari, yeye na mjane nyuma, mimi mbele na gazeti limekunjwa chini ya mapaja yangu. Barabara ilikuwa ya vumbi na dereva alikwenda kadiri alivyoweza. Nilikuwa nikijipa moyo kwamba mama yule hajui kusoma, kwamba huenda yuko shambani, kwamba mwanamke wa umri ule ana shughuli gani na gazeti.

Yaliyotokea Bondo nilisimuliwa na mke wa mwenye duka la huko, na alilia akinisimulia.

Mama alikwenda dukani kununua mafuta ya taa. Wanaume walikuwa wamelitandaza gazeti juu ya kaunta, mmoja akiwasomea wenzake habari ya hodari wa bunduki. Wakamwona akiingia, amevaa gauni lake la miavuli. Macho yao yakatoka kwake yakaenda kwenye picha, yakarudi kwake. Wakaelewa. Na kwa sababu walikuwa watu waliolelewa vizuri, wakajua kwamba si wao wa kumwambia, na si dukani. Mmoja akakunja gazeti haraka. Mama akauliza mbona mnaficha. Yule mwanamume akatafuta uongo mwepesi, akasema, "Si kitu, Mama. Ni tangazo la vitenge tu. Kuna kitambaa kama chako."

Basi mama akafurahi. Akaweka chupa yake kaunta, akasema mwanangu ndiye aliyenishonea hiki, leteni nione kama hao wanaouza wamekishona vizuri kama yeye. Walikataa. Akawacheka, akamwambia mmoja wao kwamba alimfunga nepi, hawezi kumnyima karatasi. Akalivuta mwenyewe.

Uso haukuonekana. Lakini yule ni mama. Alikuwa analijua lile bega, na ule mshono wa mgongoni ambao mwanawe aliukosea akaufumua akaurudia.

Tulipokaribia tulikisikia kilio kabla hatujaona mtu. Mama alikuwa akienda nyumbani peke yake katikati ya barabara, ameshika gazeti, na watu wamesimama pande zote mbili wakiogopa kumgusa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametumwa. Kaka mtu alifungua mlango gari likiwa bado linakwenda. Mama alipomwona alisema kwa Kijaluo, "Na wewe umekuja kuniambia nini?" Kaka alikuwa amesafiri kutoka Nakuru, usiku kucha akipanga maneno.

Mjane hakunitazama. Alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya mtu aliyeniibia.

Jumatatu nilimpigia mhariri. Hakuniacha nianze. Alinipongeza; gazeti lilikuwa limeisha mapema Nairobi nzima. Nikamuuliza neno lake liko wapi.

"Jina sikulitoa, Mama."

"Na picha?"

"Uso wake hauonekani. Nani angemjua?"

Nilimwambia nani alimjua. Akasema pole sana, kisha akaniuliza kama ningeweza kumpata mke wa yule mwenye bunduki kwa ajili ya toleo la Jumapili. Niliweka simu chini. Ahadi ni deni, husema watu, lakini deni hudaiwa na aliyekopesha, na pale aliyekopesha alikuwa mjane wa Katito ambaye hata namba ya simu ya Nairobi hakuwa nayo.

Kwenye mazishi ya fundi nilikwenda, ingawa mume wangu alinisihi nisiende. Nilikaa nyuma. Mama aliuliza mwandishi yuko wapi, nikapelekwa. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Alikuwa na lile gazeti, limechakaa kwa kukunjwa. Akaweka kidole kwenye picha kubwa, halafu kwenye ndogo.

"Nyathina," aliniita, mwanangu. "Huyu aliyeua amesimama. Wangu amelala. Nani alichagua?"

Nimehojiwa na wakubwa, nimehojiwa na polisi. Sijapata kuulizwa swali kama hilo. Nilisema ni watu wa Nairobi. Akatikisa kichwa kwa upole, akamtuma ndani binti mmoja aliyekuwa akiishi naye, akaletewa picha ya studio: fundi amesimama kando ya cherehani, futi ya kupimia shingoni, anajizuia kucheka.

"Basi waambie wamsimamishe," alisema.

Niliipeleka picha ile Nairobi kwa mkono wangu, pamoja na kurasa mbili za maisha yake. Mhariri alisoma mbele yangu, akasema nimeandika vizuri, lakini habari imepoa. Niliituma tena kesi ilipoanza. Wakatoa ya kiboko. Niliituma tena hukumu ilipotolewa. Kiboko tena. Kufikia wakati huo wanaume wa kilabuni Kondele wakigombana walikuwa wakitishana kwa jina la yule mtu: nitakufanyia kama fulani, chunga sana. Jina limekuwa la kutishia watu, na waliompa ukubwa huo ni sisi, si risasi zake. Waliokufa wanne hakuna mlevi hata mmoja aliyeweza kuwataja.

Niliacha kuliandikia gazeti lile. Baadaye, nilipopata la kwangu dogo la kuandikia, vijana walioanza chini yangu walinung'unika kwamba nina masharti kama mama mkwe. Mwenye bunduki kwangu hapati picha ya kusimama, na shabaha yake hatuisifu. Aliyekufa hatoki mpaka nijue nani ameketi na mama yake. Kijana mmoja aliniambia nachelewesha habari. Nikamwambia ndiyo, nachelewesha, na kama ana haraka stendi ya mabasi iko pale.

Bondo niliendelea kwenda. Mjane hakunisemesha tena, na simlaumu. Lakini mama alikuwa akinipokea, ananipikia uji, ananiuliza watoto. Gauni la miavuli alilifungia sandukuni, hakulivaa tena. Kila nilipokuwa karibu kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye ua, akanishika mkono, akauliza swali lilelile.

"Wamemsimamisha?"

"Bado, Mama."

"Haya," alisema. "Wakimsimamisha uniletee."

Mwaka aliokufa mama nilifika nikiwa nimechelewa, ameshazikwa. Binti yule alinitolea mkebe aliosema mama aliacha nipewe. Ndani mlikuwa na gazeti lile la zamani peke yake. Picha ya mwenye bunduki ilikuwa imekatwa kwa mkasi wa kushonea, ikatolewa, pakabaki tundu kubwa ukurasa wa kwanza. Na katika tundu lile, kwa nyuma, mama alikuwa ameshona kipande cha kitenge cha miavuli.