Ng'ombe wa Digrii Aliyepelekwa Ukweni

Shemeji yangu Willis ndiye mtu wa kwanza hapa kwetu Ndhiwa kurudi kutoka chuo kikuu na kuomba aonyeshwe mavi ya ng'ombe. Wengine waliosoma walirudi na suti. Yeye alirudi mwaka wa tisini na sita na gambuti, mizani ya kuning'iniza, na kazi ya digrii yake ya pili. Alitaka kuonyesha kwamba mkulima mdogo anaweza kukamua kiangazi chote kwa kumlisha ng'ombe wa gredi majani ya nepia ya shambani kwake tu, bila kununua chakula na bila kuchosha udongo. Yale mavi aliyarudisha kwenye nepia. Mume wangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, alisema, "Kumbe mtu husoma mpaka huko ili arudi kubeba mbolea." Lakini alisema akicheka, na ndiye aliyemjengea kibanda cha ng'ombe.

Ng'ombe wa utafiti walikuwa katika maboma kadhaa, na letu lilikuwa mojawapo. Wa kwetu alikuwa mwekundu, mpole, mwenye baka jeupe usoni. Kila alichokula kilipimwa, na kila alichotoa pia. Profesa wa Willis alikuwa amemwambia wazi: ng'ombe mmoja akiharibu hesabu katikati, kiangazi hicho kimepotea, na kazi inaanza upya mwaka unaofuata.

Willis alifundisha pia kwenye baraza la chifu. Aliwaambia watu wapunguze ng'ombe, wafuge gredi mmoja wa maziwa badala ya kundi la mifupa linalomaliza nyasi. Wazee walimsikiliza kwa heshima, kama wanavyomsikiliza mhubiri wa dini nyingine, kisha wakaenda kufungulia mifupa yao. Mmoja tu ndiye aliyeuliza maswali, mzee Nicanor wa kilima cha pili. Willis alimpenda sana mzee huyo. Alimpenda pia binti yake, Millicent, aliyefundisha nasari.

Siku ya kuzungumza mahari, aliyesema kwa upande wetu ni Fanuel, ami yake Willis. Kwetu bwana harusi huketi akanyamaza. Fanuel akataja ng'ombe wa kienyeji, wengi, mmoja baada ya mwingine, taratibu kama anayesoma majina ya watakatifu. Nicanor alimwacha amalize.

"Fanuel, hizo ni ng'ombe ama ni mifupa?"

"Jaduong', mzee wetu, ni ng'ombe."

"Mimi nimefundishwa. Nimekaa barazani mpaka makalio yakaniuma, nikafundishwa na huyu huyu kijana wenu. Nipeni ile moja nyekundu. Hizo zingine rudini nazo, zitanimalizia nyasi."

Watu walicheka, hata wa upande wetu. Willis akafungua mdomo.

"Nyamaza," Fanuel akamnong'oneza. "Hapa wewe hujui ng'ombe."

Nilimtazama Willis. Kwa mahubiri yake yote alikuwa amepata mwongofu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemtoa ng'ombe wa digrii kwenye kibanda.

Harusi ikapita, Millicent akaja kwetu, ng'ombe akaenda kwao. Willis akajipa moyo: nepia ni ile ile, tutaipeleka, kupima tu ndiko kumebaki. Shida ni kwamba kule aliyekamua ni Rispa, mama yake Millicent, na kwetu mtu hakutani na mama mkwe wake hivi hivi. Asubuhi ya kwanza Willis alikwenda mwenyewe na mizani. Rispa alipoona gambuti zinakuja, aliacha kukamua akajitupa ndani ya mihogo. Willis naye, kwa heshima, akakimbilia upande wa pili. Ng'ombe akabaki katikati akicheua, na ndama akamaliza maziwa ya sayansi.

Akaja jikoni kwangu. "Mama Scovia, itabidi wewe uende."

"Na mtoto?"

"Aende pia. Yeye hana mkwe."

Basi nikawa naenda, Scovia mgongoni, nepia kichwani, mizani mkononi. Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Halafu, jua lilipokuwa kali hasa na mito imekauka, maziwa yakaanza kupanda. Willis alifurahi kidogo, kisha akaacha kufurahi.

"Anakula nini kule?"

Nilikuwa nimeona. Nyuma ya nyumba Rispa alimpa majani ya viazi vitamu, pumba za mahindi, na uji uliopozwa, wenye chumvi.

"Mama," nilimwambia, "Willis alisema nepia tu."

"Nepia tu? Huyu ni ng'ombe wa binti yangu! Watu wapite waone mbavu, waseme nimedharau mkwe? Hata wewe ukija si nakupa chai?"

Ni kweli, alikuwa ananipa chai, tena nzito.

Nilipomweleza Willis, alikalia ndoo. "Mwambie aache."

"Mimi?"

"Basi kaka amwambie mzee."

Mume wangu akamkodolea macho. "Nimwambie Nicanor kwamba mkwe wake anaomba ng'ombe wa mahari ashinde njaa? Watasema tunamtaka arudi. Na akirudi ng'ombe, unajua nani mwingine anarudi?"

Millicent alikuwa mlangoni na sufuria. Alisema polepole, "Mama akiambiwa hivyo, mimi sitaweza kumwangalia tena."

Willis aliinuka kwenye ndoo akampokea mke wake sufuria. Mimi nilijishughulisha na mtoto.

"Asiambiwe," Willis alisema.

Akasafiri kumweleza profesa. Ilikuwa kama alivyoonywa: kiangazi kile kilifutwa, na alitafutiwa ng'ombe mwingine, boma lingine, aanze upya mwaka uliofuata. Wenzake wangevaa majoho bila yeye.

Mimi ndiye niliyekwenda kuwaaga wakwe, kwamba kupima kumekwisha. Rispa alikuwa amemaliza kukamua, ndoo imejaa povu.

"Shemeji yako anasemaje juu ya maziwa?"

"Anasema, mama, katika masomo yake yote hajapata kuona ng'ombe kama huyu."

Rispa alicheka mpaka akafunika mdomo kwa leso. Kisha akaingia jikoni kumwongezea uji.