Mahindi ya Kando ya Boma

Nakumbuka asubuhi moja ya kuvuna kwetu Matiliku, mwanangu, nilipokuwa na miaka ishirini na miguu isiyotulia. Nyanya yangu, Susu tulivyomwita, alikuwa ameumia nyonga, hawezi kushuka shambani. Kazi ya kuchagua mbegu, ambayo hakuwahi kumwachia mtu, ikaniangukia mimi. Mahindi yale aliyachagua mwenyewe tangu aolewe. Yalikuwa mafupi, si ya kujivunia, lakini mvua ikikatika mapema yanakuwa yameshazaa. Ndiyo yaliyotulea.

"Chagua katikati ya shamba," aliniambia. "Ya kando ya boma usiguse."

Mimi, na kidato changu cha nne, nikaona uzee umemchanganya. Kando ya boma la ng'ombe ndiko mahindi yalikuwa yamenipita urefu, hindi moja kama mkono wangu. Nikachuma hayo, nikayaning'iniza juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Ya katikati tukayapukuchua, tukala, tukasaga, yakaisha.

Siku Susu alipoweza kutembea na fimbo, aliinua macho pale jikoni.

"Haya umetoa wapi?"

"Si unaona yalivyo makubwa, Susu?"

"Wewe umechagua mavi ya ng'ombe ukayaita mbegu! Pale mbolea inashuka na maji yanatuama. Hata hindi goigoi litanenepa. Sasa utajuaje lipi lina nguvu yake na lipi limebebwa?"

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Akanituma kwa Mutheu, jirani ambaye Susu alikuwa amemgawia mbegu yake msimu uliotangulia. Mutheu alicheka mpaka akakaa chini. "Na vile ulisoma!" Akanipa bakuli moja, kwa kuwa ndiyo aliyoweza.

Mvua ilipokaribia, Susu hakunigombeza tena. Mbali na boma, alinipandisha safu ya mbegu zangu, safu ya zile za Mutheu, tena zangu, tena zake. Udongo mmoja, siku moja. Shamba lililobaki likawa la mbegu zangu. Mvua ikakatika mapema, kama desturi yake huku. Safu za Mutheu zilikuwa zimeshabeba. Zangu nyingi zilikuwa bado zinachanua, zikakauka hivyo hivyo. Tulilala na njaa mwaka ule, na ukoo wa mbegu ya Susu tukauanza upya kutoka safu zile chache.

Tangu hapo nimehamahama, Nuu nikinunua mbuzi, Mbumbuni nikiuza nafaka, na kila soko nasikia, "Mbuzi hawa ni wa damu nzuri," na hakuna anayeuliza wamelishwa nini.

Mwanangu, unachokiona kwa macho kina wazazi wawili: mbegu na mahali. Ukitaka kuijua mbegu, linganisha zilizokua mahali pamoja. Ukitaka kujua mahali panachangia nini, panda mbegu ileile pawili. Na usitarajie mpaka ulionyooka kati ya viwili hivyo, kwani ipo mbegu inayong'ara penye mbolea tu. Hata mtoto anayeongoza darasani, usikimbilie kusema ni akili za kwao. Uliza kwanza nani alisoma akiwa ameshiba.

Mungu akupe udongo mzuri, mwanangu. Na akikupa huu wetu mkavu, akupe na mbegu iliyouzoea.